Alama za Kigoda Zilizokwenda kwa Jirani

Mheshimiwa Afisa wa Elimu wa kaunti ndogo yetu, Baba Mchungaji, Mwalimu Mkuu wa Shule ya Tumaini Jema, Mwenyekiti wa Baraza la Wazazi, walimu, wazazi wenzangu, wageni wetu mliotoka Wamunyu tangu alfajiri, nanyi wanafunzi wa gredi ya tisa mlioketi madirishani ingawa viti vipo: nawasalimu nyote kwa furaha, kila mmoja kwa heshima yake.

Wengi mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura. Mimi ni Celine Amolo, ninayejibu barua zenu katika redio ya mtaa. Kwa kawaida huzisoma nikiwa studioni, na jina la mwandishi hulificha. Leo nitasoma barua moja hapa ukumbini Kaloleni bila kuficha jina, kwa kuwa mwandishi mwenyewe ameomba hivyo. Alisema kwamba alijisifu hadharani kwa jina lake, basi na asahihishwe kwa jina lilo hilo. Jirani anayetajwa humo ameisikia kabla yenu, naye ameridhia. Sikilizeni.

"Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba upesi, maana Jumamosi iko mlangoni na ukumbi tumeshapewa na ndugu zangu wa Wamunyu wameshaambiwa waje. Mimi ni Wathome, dereva wa lori, naishi Kaloleni na mke wangu Nthambi na binti yetu Mutheu, ambaye amefanya mtihani wa gredi ya tisa, na matokeo yalipotoka nilikuwa barabarani, nikaegesha lori kando, nikatuma namba yake kwa simu na jibu likarudi, nikaona hisabati amefanya vizuri kama tulivyozoea, lakini somo la ufundi, mshauri, somo la ufundi amepata kiwango cha juu kabisa, nikapiga honi mpaka askari wa trafiki akaja kuuliza kuna nini, nikamwonyesha simu, naye akanipigia saluti.

Basi nilipitia shuleni, nikakabidhiwa kigoda alichotengeneza mtoto katika mradi wa darasa, kigoda cha miguu mitatu, ndege wamechongwa kukizunguka mmoja anamfuata mwenzake, nikampigia kaka yangu Musyoka nikamwambia mkono wa baba yetu mchongaji umeniruka mimi ukatua kwa Mutheu, na Jumapili nikakipeleka kigoda kanisani moja kwa moja, tukamketisha mtoto juu yake, wanaume wakakinyanyua, tukamzungusha kanisa zima tukiimba, na aliyepiga vigelegele kuliko wote, kuliko hata mama mzazi, ni jirani yetu Apondi, Mama Odongo, ambaye mwanawe Odongo amesoma darasa moja na binti yangu na matokeo yake ya ufundi yalikuwa ya chini hata kijana akaacha kutoka nje.

Tulipofika nyumbani Mutheu akashuka, akakifuta kigoda kwa kitambaa, akasema, 'Baba, sitakikalia tena. Hiki ni cha Odongo.' Nikamwuliza, 'Mbona hukusema kanisani?' Akasema, 'Nilisema mara mbili. Mlikuwa mnaimba. Mama akadhani naomba maji.' Nikauliza chake kiko wapi, akasema, 'Changu kiko stoo ya shule, kile kinachoegemea ukuta.' Na kweli, mshauri, nilikwenda nikakiona, kina miguu mitatu na ni miwili tu inayoelewana.

Nilimwendea Mwalimu Wahome aliyeingiza alama za miradi kwenye kompyuta, akafikiri, akajishika kichwa. Alisema stoo ilivuja na vikaratasi vya majina vikabanduka, akaona kigoda kizuri namna ile akasema hiki ni cha kina Wathome, Wakamba wa Wamunyu, watu wa kuchonga, na hiki kinachoyumba ni cha Odongo, babu yake alikuwa mtu wa reli, kuchonga atakujulia wapi, akatuma alama hivyo, zikaunganishwa na za karatasi ya mtihani, zikarudi kwetu. Na mimi sikuweza kumkasirikia kwa sababu nami nilifikiri vile vile.

Sasa shida yangu ni hii. Odongo anataka shule ya juu yenye karakana, na kwa alama zile hataipata, na dirisha la kurekebisha alama linafungwa Jumamosi hii jioni. Mke wangu anasema tule sherehe yetu kwanza, Jumatatu ndipo twende ofisini polepole bila aibu. Mwalimu amesema hatatuma marekebisho kabla sijaongea na Mama Odongo, na mimi kila nikifika mlangoni pake nasikia vile vigelegele masikioni, narudi. Naogopa ndugu zangu watacheka, naogopa binti yangu atashuka kiwango, naogopa jirani mwema ataniona mwizi. Nifanye nini? Ni mimi, Baba Mutheu."

Hiyo ndiyo barua. Baba Mutheu, simama kidogo wageni wako wakuone. Ahsante. Baki umesimama.

Nikuanzie kwa upole, kwa sababu unaustahili. Wewe si mwizi. Hukuomba alama ambayo si yako, na mzazi asiyeruka kwa furaha mtoto anapofaulu sijui moyo wake ameuweka wapi. Honi uliyopiga naisamehe. Saluti ya yule askari naiheshimu. Lakini, ndugu yangu, matokeo ya mtoto yana hatua zake: hupokewa, huthibitishwa, ndipo hutangazwa. Wewe ulipokea asubuhi, na kabla ya Jumatatu ulikuwa umekwisha tangaza hadi Ukambani. Ile hatua ya katikati uliiruka na lori lako zima. Ungemwuliza mtoto swali moja tu, "Huyu ndege ulimchonga kwa patasi gani?", ungejua ukweli kabla ya wimbo wa kwanza.

Nawe Mwalimu Wahome, usijifiche nyuma ya mwalimu wa michezo, nakuona. Hukuangalia kazi, uliangalia kabila la mzazi. Ulimpa Mutheu sifa ya babu yake, na Odongo ukamnyima sifa yake mwenyewe. Hakuna aliyekushtukia, kwa kuwa kosa lako lilifanana mno na mawazo yetu sote. Umekiri kwa maandishi mbele ya Mwalimu Mkuu bila kulazimishwa, na kwa hilo nakupongeza. Lakini nyumba hizi tumezaliwa ukuta kwa ukuta, na bado hatujui mtoto wa jirani anaweza nini kwa mikono yake. Hiyo ni aibu yetu pamoja.

Mama Mutheu, dada yangu Nthambi, ulisema Jumatatu. Nakuelewa, sufuria zilikuwa zimekwisha azimwa. Lakini Jumatatu dirisha lingekuwa limefungwa, na kila sahani ungeila ukihesabu dakika za mtoto wa mwenzako. Chakula hicho kisingekuwa na chumvi.

Barua iliponifikia, Baba Mutheu, sikungoja siku ya kipindi. Nilikupigia simu nikakuambia neno moja: nenda. Ukaniuliza, "Niende nikaseme nini?" Nikakuambia uchukue kigoda, kitasema chenyewe. Yaliyotokea mlangoni nimesimuliwa na pande zote mbili, na yanalingana, jambo ambalo kwa wateja wangu ni nadra.

Ulibisha hodi. Mama Odongo akafungua, akakutazama na kigoda kifuani, akasema, "Baba Mutheu, karibu. Mbona umekuja na kiti? Kwangu umesikia tunakaa chini?"

Ukasema, "Mama, hiki ni cha Odongo."

Akakipokea, akakipindua, akapitisha kidole kwenye mikia ya wale ndege. Kisha akacheka mpaka akaegemea mlango. "Kwani hujui nilikijua? Kilipita juu ya kichwa changu kanisani! Unafikiri vigelegele vyote vile vilikuwa vya msichana wako peke yake?"

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Niseme nini katikati ya wimbo? Teremsheni mtoto, nataka kiti? Nilijua Odongo amempa zawadi. Hawa wamekua pamoja, wanapeana hata viatu."

Ndipo ulipomweleza habari ya alama, na kicheko kikakoma. Hakukutukana. Alimwita mwanawe. Odongo akatoka, kijana ambaye kwa siku kadhaa hakuwa ametoka, akasikiliza yote, akasema, "Kumbe si mimi nilianguka." Alirudia maneno hayo mara ya pili, polepole. Wazazi, yashikeni maneno hayo. Mtoto alikuwa ameamini tarakimu kuliko mikono yake.

Halafu, kwa kuwa ni kijana wa Kaloleni, akaongeza: "Lakini mzee, hiyo kiti ya Mutheu ni noma. Ukiikalia inakusalimia kwanza." Na Mutheu, aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake, akamjibu, "We Odongo, heri yangu inasalimia watu. Yako imejaa ndege, itaruka siku moja ikuache chini." Jirani mwingine akatoka kuuliza kama kuna ugomvi. Akaambiwa ni matokeo.

Basi, wapendwa, sherehe hii haikuahirishwa, bali iliongezewa kazi. Mheshimiwa Afisa alipoombwa kupokea marekebisho, alisema, na alisema sawa, kwamba hawezi kubadilisha alama kwa sababu majirani wamepatana. Alitaka kazi ithibitishwe. Ndiyo maana asubuhi hii mmeona aliyoyafanya. Alimpa Odongo kipande cha mti na patasi hapa jukwaani, tukakaa tukitazama vibanzi vya mti vikiruka, na ndege akatokea, mwenye mkia ule ule uliogawanyika kama wale wa kigoda. Akampa Mutheu kipande cha pili. Mutheu akakirudisha kwa mikono miwili, akasema, "Mheshimiwa, nitakuharibia mti." Sijawahi kusikia mtahiniwa akijisahihisha kwa heshima namna ile.

Uliniuliza, Baba Mutheu, kama binti yako atashuka. Atashuka katika ufundi, tena sana, nimekiona kigoda chenyewe. Je, atakosa shule aliyoitamani? Hilo sijui, na sitakudanganya mbele ya Mchungaji. Ninalolijua ni kwamba hisabati yake ni yake, hakuna aliyemwazima, na kwamba popote atakapopangiwa ataingia akijijua. Ndugu zako wa Wamunyu uliowaogopa, wageuzie macho. Kaka yako Musyoka tangu asubuhi amemkalia Odongo ubavuni, anamwuliza amenoa patasi kwa kitu gani. Hacheki mtu pale. Anatafuta mwanafunzi.

Sasa nifike kwenye uamuzi, ambao Baraza la Wazazi limenituma niutangaze, nami nautangaza kama ushauri wangu pia.

Sherehe ya leo ni ya watoto wawili. Yule aliyefaulu kwa mkono na yule aliyefaulu kwa ulimi, kwa kuwa bila Mutheu kusema ukweli nyumbani sote tungekuwa tunakula pilau ya mwenyewe bila mwenyewe. Kuanzia muhula ujao, katika shule yetu, hakuna alama ya mradi itakayotumwa popote kabla mtoto mwenyewe hajasimama kando ya kazi yake, mzazi au mlezi wake akimtazama, na kusema kwa sauti, "Hii ni yangu." Jina litachomwa kwenye mti, si kubandikwa kwa karatasi. Na matokeo yakija, tutampelekea kila mzazi ya mtoto wake, na kila mmoja ataamua mwenyewe kama atapiga honi.

Hayo ni ya muhula ujao. Ya sasa hivi ni haya. Kompyuta ya Mwalimu Mkuu iko wazi pale mezani, na alama sahihi za watoto wote wawili zimekwisha andikwa. Mheshimiwa Afisa anangoja ushahidi wa mkutano huu. Aliyemwona Odongo akichonga ndege asubuhi hii kwa macho yake, na anyooshe mkono. Nyie wa madirishani pia, mradi msianguke.

Naona mikono. Naona hata ya Mama Mutheu, yote miwili. Mheshimiwa, nadhani umeridhika. Mwalimu Wahome, wewe ndiwe uliyezituma mara ya kwanza, njoo uzitume tena.

Zimekwenda. Jioni haijafika, na dirisha liko wazi.

Tendo la mwisho ni lenu. Kigoda hiki kilizungushwa kanisani kikiwa na mtu asiye wake, na mtaa mzima ulishangilia. Kisiwekwe chini kabla ya kurekebishwa hadharani kama kilivyokosewa hadharani. Odongo, njoo ukalie kazi yako. Kina miguu mitatu. Baba Mutheu, hujakaa tangu nilipokusimamisha, shika mguu wa kwanza. Mwalimu Wahome, wa pili ni wako, na ushike vizuri. Mguu wa tatu nauacha kwa Mutheu, na wanaume wamsaidie kunyanyua.

Mama Odongo, leo piga vigelegele bila kuvigawa. Wengine wote, simameni, sukumeni meza kando, mfungue njia hadi mlangoni. Tutamzungusha mtaa mzima wa Kaloleni, nyumba kwa nyumba, na kila mlango utakaofunguliwa uambiwe huyu ni nani na amechonga nini. Nyanyueni.