Fito Ndani ya Kiini

Baba Kerubo,

Niko salama hapa Mosocho kwa dada, ila roho ndiyo imetulia sasa hivi. Leo wazazi tuliitwa chuoni, Kisii mjini, tuone mtihani wa kueleza kwa mdomo. Binti yetu akasimama kueleza kiini cha seli, kidogo hata jicho halikioni. Akasema chini ya utando wake kuna nyuzi za protini.

Mwalimu akauliza, "Zina kazi gani?"

Kerubo akatazama dari. Nikaomba Mungu, halafu maneno yakaniponyoka: "Si ni fito, mama! Ukikandika ukuta kwa udongo bila fito, jiko linalala upande kama lile la kwetu Nyamache!"

Watu walicheka! Lakini mtoto akafunguka: "Zinashikilia kiini, mwalimu. Zikiharibika, kinakunjamana."

Amepita!

Mwalimu akaniuliza fundi wa hilo jiko ni nani. Nimekusitiri, mume wangu. Nimesema ni jirani.

Kula ushibe, na nakuomba usiote moto humo jikoni mvua ikinyesha. Bado tunakuhitaji.

Mama Kerubo