Makochi ya Mtendaji, Mbuzi wa Bibi Kalista

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Unisamehe, daftari. Tangu Amani azaliwe sijakugusa, na sasa ana miezi mitano. Si uvivu. Mkono mmoja una mtoto, wa pili una mwiko, wa tatu Mungu hakunipa.

Leo kama jana. Mto umekauka. Tunachimba mchanga, tunakaa tunangoja maji yajikusanye, tunachota kwa kikombe. Ndoo mbili tu, asubuhi nzima imekwisha. Baba Neema hayupo tangu Ijumaa. Yuko kwenye vitongoji vya mbali, kule ambako tembo wameingia kwenye mihogo ya watu. Amekwenda kwa miguu, baiskeli ni mgonjwa.

Mchana dereva wa lori ameleta barua kutoka Nachingwea. Imetoka kwa akina mama wa kanisa moja la Dar. Hao ndio wanaotuweka hapa. Posho ya uinjilisti ya Baba Neema inatoka kwao, dawa za watoto zinatoka kwao, hata chaki za darasa langu la kusoma. Mwaka wa tatu huu na sijaona uso wa hata mmoja. Sasa wanakuja. Wanataka kuiona kazi kwa macho kabla ya kuamua kama wataendelea mwakani.

Wasipoendelea tunarudi Ruangwa. Baba Neema atashika kazi kwenye mashine ya kusaga ya kaka yake. Huku watu watabaki bila mwinjilisti, na wanawake wangu kumi na mmoja watabaki na herufi nusu.

Naogopa. Lakini zaidi nataka kuwaona. Wakoje? Nawawaza wanene, wenye magari, wanaotoa dawa ya minyoo kama mtu anavyoacha chenji dukani.

Ijumaa, 15 Agosti

Habari imezagaa. Sasa wageni si wetu tena, ni wa kijiji.

Mtendaji wa kijiji ametoa makochi yake mawili. Vijana wameyaleta kichwani, wanawake nyuma wanapiga vigelegele, utadhani anapelekwa bibi harusi. Mwalimu mkuu ametoa meza na vitambaa vya kufuma vya mkewe. Mwenye duka ametoa godoro, bado liko kwenye nailoni, na ameagiza lisitolewe nailoni. Jirani yangu Mama Zuhura ameleta sahani za maua alizoolewa nazo. Hata siku ya Idi hajazilia.

Nilimwambia vitu vimezidi, hii si nyumba ya mwinjilisti. Akanijibu, "Mama Neema, mgeni akikaa kwenye kigoda, atasema kakaa kwako? Atasema kakaa kijijini kwetu. Nyamaza ushike sahani."

Nikashika. Kisha nikakitoa chungu changu chenye ufa nikakificha nyuma ya nyumba. Mimi mwenyewe. Hakuna aliyenituma.

Jumamosi, 23 Agosti

Wamefika. Watatu, siku mbili njiani, vumbi mpaka kwenye kope. Mmoja alitapika njia nzima na amelala kwenye godoro la nailoni. Wa pili ni Mama Mwenyekiti, mrefu, sauti ya kuamuru, macho ya huruma. Wa tatu anaitwa Mama Tupo.

Si wanene.

Mzee Athumani, mume wa Mama Zuhura, amechinja mbuzi ili wote tule, Wakristo na Waislamu. Mbuzi ametoka kwa Bibi Kalista. Alikuwa na wawili. Sasa ana mmoja.

Mama Tupo hakukaa kwenye kochi. Alikuja jikoni kunisaidia. Alipokunja mikono ya gauni nikaona madoa, meusi meusi, kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Nikauliza, siwezi kujizuia. Akasema ni mafuta ya moto. Kila Jumapili baada ya ibada wanauza maandazi na vitumbua, na zamu ya kukaanga mara nyingi ni yake. "Hayo ndiyo yanayokuja huku," akasema. "Ulidhani tunachuma pesa mtini?"

Nilidhani hivyo, ndiyo. Sikumwambia.

Dawa ya minyoo ya Neema ilikuwa maandazi. Sijui nimelifikiriaje jambo hili miaka mitatu.

Jumapili, 24 Agosti

Ibada nzuri. Wanawake wangu walisoma mbele ya wageni, kila mmoja sentensi moja. Bibi Kalista alisoma ya kwake akiwa ameishika karatasi kichwa chini. Alikuwa ameikariri. Wageni hawakuona, tukacheka sisi.

Walipokuwa wanafunga mizigo, Mama Mwenyekiti alinivuta pembeni. "Mama Neema, niambie kama dada yako. Mnapungukiwa na nini?"

Nikasema, "Hatujambo, mama. Tunamshukuru Mungu."

Akafurahi. Akanikumbatia. Gari likaondoka.

Kwa nini nimesema vile? Nimetwanga mahindi mchana wote nalifikiria. Mtu amekuuliza njaa yako, wewe umempa salamu. Mama yangu alitufundisha kwamba mgeni haambiwi shida mpaka aulize mara ya pili. Ya kwanza ni adabu yake, ya pili ndiyo haja yake. Nilikuwa naingoja ya pili. Yeye hakuuliza. Labda kwao Dar mtu huulizwa mara moja tu. Labda na yeye amekwenda akishangaa kwamba sisi hatupungukiwi.

Jumatatu, 25 Agosti

Makochi yamerudi. Nyumba imekuwa kubwa. Neema amekaa pale lilipokuwepo kochi na hataki kuondoka.

Alhamisi, 25 Septemba

Barua.

Wanashukuru kwa mapokezi. Wamefurahi kuona jinsi Mungu alivyotustawisha. Kwa hiyo, baada ya maombi, wameona mwakani msaada uende kwa mwinjilisti mwingine, upande wa mbuga, ambaye analala chini. Sisi sasa tumesimama wenyewe. Mwisho ni Desemba.

Nimesoma mara nne. Sikuwakasirikia, na hilo limenishangaza. Walichokiona ndicho tulichowaonyesha.

Huyo mwingine namwaza. Analala chini. Sisi tunalala wapi?

Ijumaa, 26 Septemba

Baba Neema anasema tunyamaze. Tukisema vile vitu vilikuwa vya kuazima tutawatia aibu waliotuazima, na sisi tutaonekana waongo. Nikamwambia waongo tumeshakuwa, kilichobaki ni kuonekana.

Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Ni mtu mpole. Akipewa mzigo anaubeba, hauulizi una nini ndani. Nampenda kwa hilo na linanichosha. Nimemwambia nitaandika. Yule mama ana mikono iliyoungua. Siwezi kumdanganya mtu anayeungua kwa ajili yangu. Lakini kwanza nitawaendea wenye vitu, mmoja mmoja, niwaombe ruhusa. Amekubali hilo. Ameomba nisiende siku ya Jumapili.

Jumanne, 30 Septemba

Nimezunguka leo, Amani mgongoni.

Mtendaji hakupenda. "Utaandika kwamba mtendaji ana makochi na mtumishi wa Mungu hana?" Nikasema ndiyo, nitaandika hivyo hivyo. Akanitazama. Akasema, "Basi andika na kwamba yamechakaa."

Mwenye duka alitaka kujua tu kama nitaandika jina la duka.

Mama Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe sahani zangu ndizo zimewanyima ugali! Nilijua zina mkosi, mama mkwe hakuwahi kuzipenda." Halafu akainuka. Akasema, "Andika, Mama Neema. Wewe ukiondoka nani atanimalizia kusoma? Nimefika kwenye silabi za 'ng'. Siwezi kubaki hapo."

Sikujua kama anahesabu masomo. Nilidhani anakuja kupumzika.

Bibi Kalista ndiye aliyenishika. Kiswahili chake ni kidogo, cha sokoni, kingine alisema kwa Kimwera na mjukuu akatafsiri. Anakubali kila kitu kiandikwe. Ila mbuzi asitajwe kwenye vya kuazima. "Mbuzi sijaazimisha. Nimetoa. Wamemla."

Ni kweli. Nimekuwa nikimwaza yule mbuzi kama sehemu ya uongo. Hakuwa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimeandika. Nimeharibu karatasi nyingi. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba na Amani ananivuta kalamu.

Nimemwandikia Mama Tupo. Nimemweleza makochi ya nani, sahani za nani, godoro la nani na kwa nini lilikuwa na nailoni. Nimemwambia sisi tunalala juu ya mkeka na magunia. Nimemwambia habari ya kuulizwa mara ya pili. Nimemwambia mbuzi alikuwa wa kweli, na shamba la mihogo tunayokula analilima kila mtu kwa zamu, Waislamu nao wana siku yao, kwa hiyo wasidhani ni wao peke yao wanaoibeba kazi hii. Lakini mihogo hainunui dawa wala chaki.

Yule mwinjilisti wa mbugani sikumsema vibaya. Nimeandika asinyang'anywe.

Chini nikaandika mahitaji. Tyubu ya baiskeli na spoku. Chaki. Dawa za minyoo na za kuharisha. Shati la Baba Neema la ibada.

Barua imekwenda na lori la korosho. Baba Neema aliisoma kabla sijaifunga. Aliongeza jina lake chini ya langu.

Jumapili, 26 Oktoba

Hakuna jibu. Kaka wa Baba Neema ameagiza neno kutoka Ruangwa: mashine inamngoja, aseme ni lini. Baba Neema amejibu baada ya Krismasi.

Nimeanza kufundisha haraka haraka. Wanawake wamegundua. Mama Zuhura akasema, "Unatukimbiza kama kuku wa mwizi." Nikapunguza mwendo.

Jumatano, 12 Novemba

Mzigo umefika. Boksi limefungwa kwa kamba ya katani, limepasuka pembe moja, hakuna kilichopotea. Tyubu, spoku, chaki maboksi mawili, dawa, shati. Ni la kijani. Baba Neema amelivaa na kulivua mara tatu.

Na barua ya Mama Tupo. Ameisoma yangu mbele ya wenzake wote, Jumapili, maandazi yakiwa bado ya moto. Wengine walikasirika. Mama Mwenyekiti alisema hata kwao Njombe, alipokuwa mtoto, mgeni aliazimiwa blanketi kwa jirani na nyumba nzima ililala na baridi. Alisahau, akasema. Mjini unasahau.

Yule wa mbugani walishamwahidi na hawawezi kuvunja ahadi. Kwa hiyo wamegawa. Nusu yake, nusu yetu, mpaka Juni. Baada ya Juni hawajui. Wameongeza siku ya pili ya kukaanga, Jumatano.

Nusu. Itabidi shamba liongezwe. Baba Neema amekwisha kwenda kuwaambia watu wa zamu, na kaka yake ataagiziwa kesho kwamba haendi.

Mwishoni Mama Tupo ameandika hivi: "Nimeisoma orodha yako. Kuna vya mume, vya kanisa, vya watoto. Vyako sikuviona. Sasa nakuuliza mara ya pili."

Nimekaa na hiyo karatasi mpaka uji wa Neema ukaungua.

Jumatatu, 17 Novemba

Wingu limejaa upande wa Masasi lakini mvua bado. Amani amelala. Darasa leo hakuna, watu wako kwenye korosho.

Siku tano nimeshindwa kuandika. Nilianza na daftari za wanawake, nikafuta. Nikaandika sufuria, nikafuta, hiyo ni ya nyumba. Ni vigumu kuliko nilivyodhani, sijajiuliza tangu niolewe. Leo nimekaa, nimeandika bila kufuta. Nanakili hapa nisije nikasahau nilichoomba.

Ndala, namba saba. Nilizo nazo nimezishona kwa waya.

Kanga doti moja, ngumu, ya kubebea mtoto. Rangi isiwe nyeupe.

Sidiria mbili za kunyonyeshea.

Vidonge vya kuongeza damu. Nesi wa hospitali ya Mnero aliniandikia vya miezi miwili, sikupata hata kimoja.

Mafuta ya kupaka, kopo dogo.

Kitana chenye meno mapana.

Sweta moja ya mtu mzima, nzito. Ya Julai, Juni ikishapita. Alfajiri ya Julai huku ni baridi sana, nami nitakuwa natoka kwenda mtoni.