Gari Alilotaka Bi Tabu

Keko, Temeke
7 Machi 1993

Mdogo wangu Twalib,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute u mzima huko Sharjah, na joto la huko lisiwe limekumaliza. Sie hapa hatujambo, isipokuwa shemeji yako anasumbuliwa na jino na hataki kung'olewa. Watoto wanakusalimu sana.

Nimeshika kalamu kwa ajili ya Bi Tabu wa Mwananyamala, mkunga aliyekupokea wewe siku uliyozaliwa. Amestaafu, kiinua mgongo amekipata, lakini ile Fiati yake ndogo imemfia mkononi. Nimeifungua, nimemwambia imefika mwisho. Bila gari ni kama amekatika miguu, maana unajua mwenyewe: mwanamke wa mtaa ule akishikwa na uchungu, hukimbiliwa Bi Tabu, naye humpakia mpaka hospitali.

Juzi alikuja hapa gereji, akakaa juu ya tairi, akasema, "Mwishehe mwanangu, mie sitaki makubwa. Nataka gari dogo, linywe mafuta kidogo, na likigoma vijana wa mtaani walisukume liwake. Mwambie mdogo wako."

Na mie nashangaa. Enzi zile za foleni za sukari, mwalimu alikuwa na kigari, karani alikuwa na kigari, padri alikuwa na kigari. Sasa ruksa imekuja, kila meli inashusha magari, lakini vile vidogo havimo. Vimekwenda wapi? Nieleze wewe uliyeko huko sokoni, na umtafutie mama yetu kimoja.

Kaka yako,
Mwishehe


Sharjah
2 Aprili 1993

Kaka Mwishehe,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mu wazima. Mie sina neno, kazi ni nyingi na jua kali, lakini tajiri ananiamini. Mpe shemeji pole ya jino.

Kuhusu gari, mwambie Bi Tabu aina ile haipo tena. Wenyewe wameacha kuunda gari la namna hiyo. Siku hizi kila kitu umeme na kompyuta. Nimezunguka yadi zote, sijaona hata moja. Lakini asisikitike. Nimempatia gari la saluni la Kijapani, jeupe pee, injini kubwa, gia otomatiki, vioo vya umeme, kiyoyozi. Kiinua mgongo chake kinatosha. Mama aliyezalisha watu miaka thelathini hastahili gari la heshima? Akikubali, litapanda meli mwezi ujao.

Mdogo wako,
Twalib


Keko
21 Novemba 1993

Mdogo wangu Twalib,

Marahaba. Tu wazima, jino la shemeji yako hatimaye limetoka, na nyumba imepata utulivu. Nawe je, afya?

Gari limefika, na forodhani limetoka. Siku niliyolileta hapa kulikagua, mafundi wote waliacha kazi wakaja kulitazama. Albano, yule seremala Mmakonde wa kibanda cha pili, alijifuta vumbi la mbao mikononi kabla ya kugusa mlango. Sikufichi, nilivimba kichwa.

Bi Tabu alilizunguka mara mbili. Akauliza, "Klachi iko wapi?" Nikamwambia halina. "Na likigoma linasukumwaje?" Nikacheka. Nikamwambia gari kama hili haligomi, Bi Tabu.

Linakunywa mafuta vibaya. Analiwasha akiitwa tu. Siku nyingine zote limefunikwa turubai.

Kaka yako,
Mwishehe


Keko
18 Aprili 1994

Twalib,

Assalaam aleikum. Nyumbani ni wazima. Mie mwili mzima, lakini nina jambo.

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa Mwananyamala kwa Bi Tabu. Aliniita kwa kuwa gari lilikuwa likiwaka kwa shida. Betri ilichoka kwa kukaa. Ndiyo kwanza nafungua boneti, akaja Margareta, mkewe Albano, ameshikiliwa na wanawake wawili. Wanaishi mlango wa tatu kutoka pale. Bi Tabu akamwingiza ndani, akamtazama, akatoka uso umebadilika.

"Kitovu kimemtangulia mtoto," akaniambia. "Hospitali, sasa hivi. Kikibanwa, pumzi ya mtoto imekatika."

Tukampakia. Nikazungusha ufunguo. Tik. Nikarudia. Tik.

Vijana wakaja mbio, kumi na kitu, kama walivyozoea kuisukuma Fiati. Wakaweka mikono kwenye buti, wakaanza kuhesabu. Nikawaambia waache.

"Kwa nini, fundi?"

"Hili ni otomatiki. Haliwaki kwa kusukumwa."

Walinitazama, mikono yao bado iko juu ya buti. Sijapata kutazamwa hivyo.

Nilikimbia kutafuta betri ya kuazima. Niliporudi mikono mitupu walikuwa wamekwishamlaza Margareta kwenye mkokoteni wa maji. Masika hii, barabara yote tope. Bi Tabu alipanda naye, akapiga magoti, na mkono wake ukawa ndani wakati wote, anakizuia kichwa cha mtoto kisikibane kitovu. Mama wa miaka sitini, anarushwarushwa na mashimo, mvua inampiga. Mie nilikuwa miongoni mwa waliosukuma.

Margareta amepona. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Bi Tabu anamwambia kila anayekuja kumpa pole kwamba kosa ni lake, aliacha taa ya ndani ya gari ikiwaka, kwa uzee. Taa haikuwa inawaka, Twalib. Mie ndiye niliyefungua mlango wa gari. Anajisingizia, na mie nimekaa kimya.

Jana Albano alikuja gereji na kuku. "Fundi, ulisukuma kama mwanaume," akasema. "Bila nyie nisingebaki hata na mke." Nikampokea yule kuku. Nikasema ahsante.

Nakuuliza kama kaka yako. Ni kweli huko hapakuwa na gari dogo hata moja?

Mwishehe


Sharjah
30 Juni 1994

Kaka Mwishehe,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Barua yako nilitembea nayo mfukoni mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Yalikuwapo matatu. Moja la rangi ya maziwa, klachi ya kawaida, kabureta ya kawaida, gari ambalo wewe ungelifungua umefumba macho. Yalikaa mwisho wa yadi, nyuma ya mabasi. Tajiri hayapendi, maana nafasi ya melini gari dogo na kubwa bei ni moja, na faida iko kwenye kubwa. Nikiuza kubwa ananipa chochote juu ya mshahara. Nikiuza dogo hanipi kitu. Na watu wetu wakifika hapa kununua hawayatupii hata jicho. Ukimwonyesha mtu gari dogo anaona umemtukana. Anataka akifika Kinondoni majirani watoke nje.

Sasa tajiri ameacha kuyaleta kabisa. Hivyo ndivyo yalivyokwisha, kaka. Hayakukimbia. Mie nilikuandikia kwamba hayapo wakati nayaona dirishani.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie Bi Tabu. Ndiye aliyenishika kabla mama hajanishika. Akijua, nitaupeleka wapi uso wangu? Mwache aamini ni ile taa. Watu wameshampa pole, yamepita.

Mdogo wako,
Twalib


Keko
9 Agosti 1994

Mdogo wangu Twalib,

Marahaba. Tu wazima.

Niliposoma barua yako nilianza kukuandikia matusi. Niliandika ukurasa mzima. Halafu nikauchana, kwa sababu ulikuwa umejaa maneno yanayonihusu mie.

Fiati ya Bi Tabu haikuwa imekufa. Iliungua gasketi. Ningeikata mwenyewe kwa mkasi, ningeifunga, ingetembea. Lakini mafundi wenzangu walikuwa wameanza kuniita fundi wa vikopo. Wao wanashika magari yanayong'aa, mie naegesha mlangoni vigari vya wazee. Nilitaka gari la Kijapani lionekane gerejini kwangu. Basi nikamwambia mama yule gari lake limekwisha, na alipokwenda nikalikata, nikaliuza kwa watu wa chuma chakavu kabla hajabadili mawazo. Wewe ulidanganya mara moja. Mie nilikutangulia.

Sikuweza kukutimizia ombi lako. Jumamosi moja nilikwenda Mwananyamala. Nilimkuta anachambua mchele. Nikasimama, sikukaa. Nikamweleza yako na yangu.

Hakupandisha sauti. Aliuliza, "Ilikuwa inapona?"

"Inapona, Bi Tabu."

"Siku ngapi?"

"Mbili."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mie usiku silali, naitafuta ile taa. Najiuliza niliiwasha saa ngapi. Miezi minne, Mwishehe." Akasukuma ungo pembeni. "Umeniambia mie. Mie si mzazi wa yule mtoto. Nenda kwa mwenyewe."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Sikusikia kitasa, lakini sikuthubutu kugonga.

Kutoka kibanda changu mpaka cha Albano ni kuruka mtaro tu. Ilinichukua siku mbili kuuruka. Alikuwa anapiga msasa mguu wa kitanda. Nikamwambia yote, na habari ya kuku pia, kwamba sikustahili kumpokea. Hakuacha kupiga msasa. Nilipomaliza akaupuliza vumbi ule mguu, akauinua kuutazama kama umenyooka.

"Na huyo mdogo wako?" akauliza.

"Yuko Sharjah."

"Hana mdomo?"

"Anao."

"Basi."

Tangu siku ile hanisalimii, na mie sidai salamu. Gari la Bi Tabu tumeliuza kwa mfanyabiashara mmoja, ameridhika nalo sana. Bi Tabu siku hizi akiitwa anakwenda kwa miguu, mkoba begani. Nimeuliza kila mahali kama kuna mtu anauza kigari kidogo. Wananicheka, wanasema hiyo ilikuwa zamani.

Sikuamuru kitu. Nimekueleza tu.

Kaka yako,
Mwishehe


Sharjah
1 Septemba 1994

Kaka Mwishehe,

Shikamoo, na shemeji msalimie.

Nimemuaga tajiri. Nafika kwa ndege Jumatano, tarehe 14, mchana. Usije uwanjani kunipokea, na watoto usiwaambie, wasije wakanisubiri mlangoni.

Nyumbani sitakuja kwanza. Nitateremka Keko, kibanda cha pili, kwa Albano. Kama hatanifukuza, kutoka pale nitakwenda Mwananyamala kwa miguu.

Mdogo wako,
Twalib