Sindano Zilizonunuliwa na Chama cha Kuzikana

Nyahanga,
Kahama.
21 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Noela,

Shikamoo yako nimeshaiitikia kabla hujaitoa. Marahaba sana! Hujambo huko Mtwara? Shemeji anaendeleaje, na huyo mgeni mliyempata mwezi uliopita ananyonya vizuri? Kula uji wa ulezi, usijifanye mtu wa mjini. Sisi huku wazima. Baba Nkwabi anakohoa kidogo kwa vumbi la Julai, lakini sauti ya kugomba anayo.

Noela, kaa chini kwanza. Nina habari, na nimeshindwa kukueleza kwa simu kwa sababu kila nikianza nacheka.

Unakumbuka siku tuliyomzika mama kule Ushetu. Gari liliishia kwenye bani la kukaushia tumbaku, kaburi likawa ng'ambo ya mbuga, na magoti yangu yakakataa kuubeba mwili huu. Nilibaki garini mlango wazi, nasikia mnaimba. Wewe ndiye uliyemtupia mama udongo kwa niaba yangu, ukarudi ukanionyesha kiganja chenye udongo. Sikukuambia wakati ule, ila niliumia kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Niliapa kwamba siku ya kujengea kaburi nitafika kwa miguu yangu.

Basi nikaanza kuhangaika. Wifi Juliana aliniletea kutoka Rwamgasa chai ya kupunguza mwili, eti wake wa wenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu wote wanakunywa. Siku tatu nilihamia chooni. Mwili haukupungua, iliyopungua ni heshima.

Nikaenda kwa Kaushik, yule mwenye duka la dawa karibu na stendi, nikamwomba ile sindano ya kila wiki inayosemwa kwamba inapunguza mwili. Akaniambia, "Mama Nkwabi, bila cheti cha daktari siuzi, hata ukinuna." Nilinuna kweli. Kumbe alikuwa ananitakia mema. Daktari alinipima sukari, presha, na mengine nisiyoyajua, akaniuliza mambo ya ukoo mzima, ndipo akaandika. Kilo nilikuwa mia moja ishirini na nane. Sikumwamini, nikapitia mashine ya mpunga nikapanda mzani wa magunia. Nao ukasema vilevile.

Ikabaki bei. Dawa ya mwezi mmoja ni bei ya mtamba! Nikamwambia Baba Nkwabi kwamba zizi litakonda kabla yangu. Tukarudi kwa Kaushik, naye akafunguka: bei inapaa kwa kuwa anaagiza moja moja kutoka Dar, kwenye barafu. Kuna dawa ileile ya kiwanda kingine, bei yake haifiki nusu, lakini wanaouza kwa jumla hawafungui katoni kwa ajili ya mtu mmoja. Tafuta wenzako wenye vyeti, akasema.

Wenzangu nitawatoa wapi kama si kwenye chama chetu cha kuzikana? Nikasimama kikaoni. Mwenyekiti wetu, mwalimu Athanas, unamjua kwa kupenda katiba. Akasoma kwamba chama kinamchangia mgonjwa aliyelazwa na marehemu, basi. Nikamwambia, "Mwenyekiti, nikifa mtanipa jeneza, sanda na wali wa siku tatu. Mimi naomba fedha ya jeneza langu itangulie, nichomwe sindano. Mkikataa, hesabuni wanaume kumi na wawili wa kunibeba, na nyie wenyewe migongo hamna." Watu walicheka mpaka mwalimu akavua miwani kufuta machozi. Akasema katiba imeandikwa na watu, na watu ndio hawa. Mikono ikanyooshwa.

Wanawake sita wakasema na wao wataenda kwa daktari. Wawili daktari aliwakatalia, akasema haiwafai, wanne akawaandikia. Katoni ikaja, ikakaa kwenye friji ya Kaushik, na kila Jumamosi tunaenda kuchomwa. Baba Nkwabi ananitania kwamba nikifa sasa atanizika kwa mkeka, kwa kuwa jeneza nimeshalila.

Sikufichi, miezi ya mwanzo nilitapika, na ugali niliuona adui. Daktari akasema twende polepole. Tukaenda polepole, na mwili ukaanza kushuka.

Hapo ndipo ilipozuka vita! Si unajua kwetu mke akikonda, mume ndiye anayesemwa. Wifi Juliana alitua hapa na kuku wawili na chupa ya samli, akamkabili kaka yake mbele ya wageni: "Huyu mkeo unamlisha nini? Au unatuficha ugonjwa wake?" Akaitisha kikao cha ukoo. Baba wa watu akajitetea kama mwizi wa ng'ombe, mpaka nilipokuja na boksi tupu la sindano na cheti. Kuku tuliwala wote, samli nikampa Juliana aondoke nayo.

Sasa sikia. Jumamosi iliyopita tumemjengea mama kaburi. Asubuhi yake mzani wa mpunga ulisema mia moja na sita. Gari likaishia palepale kwenye bani. Nikashuka. Juliana akanishika mkono, nikamwambia aniache. Noela, nilivuka ile mbuga peke yangu! Nilipumzika mara mbili, mwalimu Athanas nyuma yangu anahesabu hatua kwa sauti, wanachama wanapiga vigelegele kama harusi.

Nikapiga magoti. Nililia, ndiyo, na nikamwomba mama radhi kwa kuchelewa mwaka mzima. Kabla mafundi hawajamwaga zege nilitupa konzi mbili za udongo. Ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili yako, kwa kuwa safari hii wewe ndiye uliyeshindwa kufika.

Msalimie shemeji, mbusu mtoto. Juliana na mwalimu Athanas wanakusalimu, na Kaushik anauliza utakuja lini. Wabeja, asante sana, kwa kiganja chako cha siku ile. Mungu awafunike nyote, akupe maziwa tele, na atupe siku ya kwenda kaburini kwa mama pamoja, mimi nikitangulia njiani.

Dada yako akupendaye kwa kilo zote zilizobaki,

Limi