Wachezaji wa Vidole

Hässelby, Stockholm, Mei 2011

Mjukuu wangu Furaha,

Barua hii uisome mbele ya timu nzima. Namsalimu kwanza mama yako, kisha kocha, kisha vijana wote. Sisi huku tu wazima.

Mmeniachia niamue kama muwapokee katika timu yenu huko Marekani Wamarekani watatu walioupenda mpira kupitia michezo ya video. Wenzako wanawaita "wachezaji wa vidole".

Mimi nilijifunza mpira kwa redio, kule Bukavu. Hatukuwa na mpira, basi tulisogeza vifuniko vya chupa mezani kila mtangazaji alipotaja pasi. Siku niliyokwenda uwanjani, nahodha alinicheka: "Rudi mezani, bwana vifuniko." Akaniingiza tu kwa sababu walipungua mmoja. Miguu yangu ilikuwa mizito, lakini nilijua mpira utaangukia wapi, nikawahi kabla ya wote. Na sasa nasikia vijana wa Amerika wanaingia mpirani kwa mlango kama wangu!

Kwa hiyo nimeamua, nanyi mtekeleze: Jumamosi hao watatu waanze mechi, na aliyewacheka kuliko wote awavalishe jezi.

Babu yako