Kitanda Nilichomtandikia Baba

Nairobi, Jumapili mchana

Kaka yangu Nyamweya,

Nakusalimu wewe na wote wa boma letu, wakubwa kwa wadogo. Hamjambo huko? Goti la mama linaendeleaje na baridi hii ya mvua? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa ama bado anatuzungusha tu? Mimi ni mzima wa mwili, chakula napata, nguo ninazo. Moyo ndio sina la kuusifu.

Barua yako ilinifikia Alhamisi na nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Usishangae kwamba nakujibu kwa Kiswahili, na usinicheke, wewe Mwalimu. Nilianza kwa lugha yetu. Nilipofika mahali pa kutaja kitanda cha baba, kalamu ilikataa. Kwa Kikisii mwana aliyetahiriwa hana kinywa cha kulisema neno hilo, lakini kwa Kiswahili cha mjini naweza kulisukuma likapita. Nakuomba barua hii usiisome kwa sauti mbele ya watu. Isome kwanza peke yako.

Unajua kazi yangu hapa hotelini. Wengine wako jikoni, wengine wanabeba sahani, mimi natandika vitanda. Vyumba kumi na viwili kila asubuhi. Mzee wa Kikamba aliyenifundisha alikuwa akisema, "Kitanda cha Mzungu hakina uchawi, ni kuvuta tu." Shuka ya chini unaivuta mpaka kunyanzi zote ziishe, pembe unazikunja kama bahasha na kuzisukuma chini ya godoro, shuka ya juu unaipindua juu ya blanketi upana wa kiganja, halafu mto unaupiga makofi ukae umevimba. Ukimaliza, unatoka kinyumenyume usiache alama ya mguu kwenye zulia. Wageni hunisifu. Mama mmoja wa Kizungu alisema hajalala vizuri hivyo tangu vita vianze, nami nikavimba kama ule mto.

Sasa nilipokuja likizo ile, mambo haya yote nilikuja nayo kichwani. Nikamwona baba akiinuka asubuhi. Kaka, wewe umemzoea kwa kuwa unamwona kila siku, lakini mimi nilikuwa nimekaa miaka mitatu bila kumwona. Alitoka mlangoni ameshika kiuno, akasimama akiegemea ukuta kwa muda mrefu kabla ya kunyooka. Yule mtu aliyekuwa akibeba gogo peke yake kutoka mtoni! Nikajiambia, watu nisiowajua hata majina nawatandikia wakalala kama wafalme, na baba yangu analala juu ya ngozi ngumu ya ng'ombe iliyotandazwa juu ya fito. Nilisikia aibu, kaka, na mpaka leo sioni kosa katika aibu hiyo. Kosa lilikuja baadaye.

Ulikuwa shuleni siku zile, hukuona nilivyohangaika. Nilishona magunia mawili yakawa godoro. Nikachagua maganda laini ya ndani ya mahindi, nikayachana kwa vidole, nikayaanika siku tatu nikiyageuza, nikayajaza. Juu yake nikaweka tabaka la sufi niliyotoka nayo huku Nairobi. Shuka zilikuwa mbili, za hotelini, zilizochakaa katikati. Nilikuwa nimezipasua kwa urefu na kuunganisha zile pande nzima, mshono ukaja katikati, kama wanavyofanya hapa kuzipa shuka maisha ya pili. Mama akaniuliza godoro ni la nani. Nikamwambia, "Utaona." Akacheka, akadhani nakaribia kuoa.

Siku ya soko la Ikonge mama alikwenda kuuza wimbi, baba akatoka na ng'ombe. Nikaingia nyumbani mwao, nikapita kile kiambaza cha ndani ambacho mimi na wewe hatujakivuka tangu tulipotahiriwa. Nikatoa ile ngozi, nikaitundika juani kwenye ua. Nikatandika.

Baba ndiye aliyetangulia kurudi. Aliiona ngozi kutoka njiani, na wapita njia wa soko walikuwa wanaiona pia. Akauliza, "Nani ameitoa hii nje?"

Nikasema, "Ni mimi, Tata. Ingia uone nilivyokutandikia."

Ingia uone! Ndivyo nilivyomwambia baba yangu mzazi, juu ya mahali anapolala na mama yangu, nimesimama mlangoni nikitabasamu kama ninamwonyesha mgeni chumba. Hakunitukana. Laiti angenipiga. Aliitoa ngozi kwenye ua, akaikunja polepole akiwa amenipa mgongo, akaenda nayo kwenye kibanda cha ndama. Mama aliporudi na kusikia, alikaa chini hapo hapo uani na mzigo wake, akafunika uso kwa nguo yake. Nilimsikia akisema, "Ensoni imekufa katika nyumba yangu." Aibu ile inayomtenga mzazi na mwana, kaka, wewe unafundisha watoto Biblia lakini unajua vizuri kwamba sisi Wakristo hatukuiacha mlangoni mwa kanisa.

Kesho yake wazee walipokuja kuuliza, mama ndiye aliyenitetea. Akawaambia, "Mji umemsahaulisha. Huko anatandika vitanda vya watu kutwa, mikono yake ilikwenda yenyewe." Wakanigeukia. Nikainamisha kichwa nikasema, ndiyo, nilisahau. Mmoja akasema, "Basi mtoto huyu anaumwa na mji, si mbaya." Nikapanda gari la Kisumu kurudi huku Nairobi, siku mbili kabla ya likizo kwisha.

Tangu hapo nimekuwa nikipata habari kwako tu. Kwamba baba bado analala na ndama. Kwamba anakohoa. Kwamba mama analala chini karibu na moto, kile kitanda anakipita tu akienda kuchukua unga, na wewe huwezi kukitoa kwa sababu nawe ni mwana kama mimi. Kila nikinyoosha shuka hapa naiona nyumba ile, kitanda kimetandikwa vizuri kabisa na hakuna anayelala. Majuto ni mjukuu, walisema, na huyu wangu amekuja mapema akiwa na meno yote.

Halafu barua yako ya Alhamisi. Unasema wazee wamekaa tena, na baba amekubali. Nikija likizo ya mwezi ujao mbuzi atachinjwa, mzee wa rika la babu atakitoa kitanda, baba atarudi nyumbani kwake, nami nitakula naye. Unasema baba mwenyewe alisema, "Aliyesahau hukumbushwa, hafukuzwi." Nilipofika kwenye maneno hayo nilitoka nje ya chumba chetu cha wafanyakazi, nikakaa nyuma ya tangi la maji nikalia. Wenzangu walidhani nimepata tanzia.

Wasalimie wote. Msalimie shemeji yangu, mke wako, mwambie soksi alizonifumia ndizo ninazovaa nikiandika. Msalimie dada yetu aliyeolewa Magwagwa, na mumewe. Msalimie mzee wa kanisa aliyenibatiza. Mama mshike mkono kwa niaba yangu. Baba, mpe salamu nitakazokupa hapa chini, kama utaweza kuzibeba.

Nilitaka kutia sahihi hapo bila kuziandika salamu hizo. Nimeiweka kalamu chini, nikazunguka ua wa hoteli, nimerudi. Kaka, sikusahau.

Nilipofika kwenye kiambaza siku ile nilisimama. Godoro lilikuwa begani. Nilikumbuka kila kitu, nilikukumbuka wewe na mimi tukifundishwa tulipotoka jandoni kwamba mpaka wetu ni pale. Nilisimama kiasi cha mtu kumaliza sala ya Baba Yetu. Nikajiambia, hayo ni mambo ya watu ambao hawajaona kitanda. Nikajiambia mimi ndiye ninayejua sasa, na wao watajifunza kwangu. Ndipo nikavuka. Tena si kwa ajili ya mgongo wa baba peke yake, ningependa kusema hivyo lakini si kweli. Nilitaka auone ufundi wangu. Miaka mitatu wageni wamenisifu, na yeye hajawahi kuniuliza kazi yangu ni nini.

Mama hakudanganya, alisema alichoamini. Mwongo ni mimi, na wazee wamejenga msamaha wao wote juu ya uongo wangu. Nikija nikala ile nyama kama mtu aliyesahau, nitakuwa nimevuka mara ya pili, na safari hii baba hatajua kwamba nimevuka, wala pa kwenda kulala.

Kwa hiyo nakutuma, kaka, ingawa ni mzigo usiokuhusu. Usimwambie baba kwa maneno ya kitanda, mwambie tu hivi: Makori alikumbuka, na akavuka. Asiposema kitu, mwache. Akikasirika, usinitetee. Akisema mbuzi asichinjwe na nisije, niandikie hivyo hivyo, usipunguze neno. Lakini hata kama hataki kuniona tena, waambie wazee wakitoe kile kitanda bila kuningojea mimi. Hewa ya kibanda cha ndama ni mbaya kwa kifua, na mvua bado ni nyingi.

Ni mimi mdogo wako,

Makori