Siki Kwenye Marumaru

Jumatatu, 4 Machi

Dada kapiga simu asubuhi. Hakunisalimia. Meza ya marumaru ya bosi wake imeharibika — mabaka meupe, hayafutiki. Aliifuta kwa siki na limao, kama nilivyoandika gazetini. Miaka kumi na mmoja anasafisha nyumba ile, hajavunja hata kikombe. Sasa anaambiwa huenda akafukuzwa.

Safu ya usafi si yangu. Mwenzangu yuko likizo, nikaambiwa nijaze nafasi. Nikaandika kwamba siki husafisha kila kitu. Miaka ishirini na minane sijachapisha jina la mtu bila kuuliza mara mbili. Kuhusu siki sikumwuliza yeyote.

Jumanne, 5 Machi

Nimeuliza leo. Fundi wa mawe kacheka: asidi inakula marumaru. Hayo si madoa, ni jiwe lenyewe limelika. Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, kitambaa laini, basi. Na dawa yoyote mpya ijaribiwe kwanza pembeni, pasipoonekana. Sentensi moja! Ingeenea safuni vizuri tu.

Mhariri kakataa masahihisho. Kaniuliza kama nataka gazeti liiombe meza radhi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda na dada kwa bosi wake. Mama mpole, katupa chai jikoni. Nikasema kosa ni langu. Akasema makala hiyo hajawahi kuiona.

Ilikuwa mlangoni mwa friji, hatua mbili kutoka nilipokaa. Imekatwa kwa mkasi. Chini yake, kwa kalamu: *Na meza pia.* Mwandiko si wa dada. Naye dada hakuwa ameniambia kwamba aliagizwa.

Njiani nikasema nitaitaja ile karatasi ya kwenye friji.

"Mdogo wangu, umeshaandika ya kutosha."

Ijumaa, 8 Machi

Bosi katuita tena jikoni, ametoa sharti. Mumewe anarudi kesho. Meza hiyo mume aliachiwa na marehemu mama yake. Dada aandike kwamba alitumia siki kwa uamuzi wake, bila kuagizwa, abaki kazini. Asipoandika, aondoke leo.

Makala haipo tena kwenye friji. Imebaki alama ya gundi.

Nilifungua mdomo. Dada kanikanyaga mguu chini ya meza, kama tulipokuwa watoto, kisha akaniomba kalamu. Nikampa. Nikatoka.

Naandika haya kwa penseli, nimeegemea geti. Dakika ishirini sasa. Kalamu bado anayo dada, huko ndani.